Wimbi Lililokataa Kuanguka

Fundi wa mbao za kutelezea mawimbini alikuwa anapiga msasa kiraka kwenye ubao wa mgeni pale mdogo wake alipoingia karakanani kunywa chai. Vumbi jeupe la resini lilikuwa limemkaa Fundi kwenye nyusi, na barakoa ilining'inia kidevuni, maana alidai ikipanda puani inamzuia kufikiri. Mdogo wake alipangusa benchi kwa kiganja, akaketi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Chai iko kwenye chupa. Usije ukaimwagia ubao, ni wa mtu."

Nje, kupita mlango wa karakana, kupita mchanga na miavuli, wimbi lilikuwa limesimama mahali pake. Lilikuwa refu kama nyumba ya ghorofa, limejikunja kileleni kama mkono ulioinuliwa kupiga kofi, na halikuanguka. Halikuwa limeanguka tangu mashindano ya mwaka uliopita. Mawimbi mengine yalilipita ubavuni, yakavunjika, yakarudi, kila moja na shughuli zake. Fundi hakulitazama. Tangu siku ile alikuwa ameigeuza meza yake ya kazi, akawa anafanya kazi akiwa ameipa bahari mgongo.

Ndani ya wimbi alikuwamo binti yake.

Watu walimwita Kereng'ende, kwa wembamba wake na kwa jinsi alivyokuwa hatulii akishasimama juu ya ubao. Alianza kuteleza mawimbini kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mwalimu wake alikuwa mama yake mwenyewe, ambaye naye enzi zake alikuwa mwanamawimbi, hadi goti lilipomwambia basi. Mama hakumfundisha madaha. Alimfundisha kusoma maji, kuanguka bila kuvunjika shingo, na kuheshimu bendera. "Kabla hujaingia, tazama bendera," alikuwa akimwambia. "Ukishaingia, tazama tena. Bahari haina mjomba."

Ingawa mjomba alikuwapo, na ndiye aliyekuwa mshika bendera wa chama cha wanamawimbi. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye mnara wa waamuzi na kuvuta kamba. Ikipanda nyekundu, hakuna mtu kutia mguu majini. Ikipanda ya kijani, mchezo uendelee. Alipewa kazi hiyo pamoja na chumba nyuma ya ofisi za chama, na kwa kuwa hakuwa na mke wala jiko, kila alasiri alipita kwa dada yake kunywa chai.

Siku ya mashindano bahari iliamka vibaya. Fundi hakwenda ufukoni, alikuwa na ubao wa mgeni uliovunjika pua ukitakiwa haraka. Alisikia kelele za watu zikipanda, kisha zikakatika ghafla, kama redio iliyozimwa. Alipotoka nje akakuta umati wote umetazama upande mmoja, ukisubiri wimbi lianguke. Walisubiri mpaka shingo zikauma. Baadaye wauza vinywaji wakarudi kwenye meza zao.

Wazamiaji walikwenda kumtoa. Walirudi wakasema maji ya lile wimbi hayaingiliki. Ukiyagonga yanalia kama kioo cha taa. Mwenyekiti wa chama akachukua kipaza sauti, akavua kofia, akatangaza kwa huzuni kwamba binti ameingia majini wakati bendera nyekundu inapepea, kinyume cha kanuni, na kwamba iwe fundisho kwa vijana. Jina lake likafutwa kwenye orodha ya wachezaji jioni ileile.

Fundi alimwuliza mdogo wake swali moja tu. "Ilikuwa nyekundu?"

"Nyekundu, dada. Naapa kwa kaburi la mama."

Ukishaapiwa kaburi la mama yako huna tena la kuuliza. Basi mji ukasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Fundi, ambaye moyo wake ulikuwa umepasuka vipande, alijikuta anaungana na mji. Alimkasirikia maiti wake. Wanawake waliokuja kumpa pole aliwaambia, "Ukaidi alianza nao tumboni. Alikaa miguu mbele mpaka wakanipasua kumtoa." Kisha akashika msasa. Msiba usio na kaburi hauna pa kukaa, ukakaa mikononi mwake. Mbao alizotengeneza mwaka ule zilikuwa laini kupita kiasi. Wateja walilalamika kwamba wanateleza hata kabla ya kupanda.

Mji ulilizoea wimbi upesi kuliko ulivyozoea taa za barabarani. Hoteli ya ufukoni ililalamika kwamba kuanzia saa tisa alasiri linatia kivuli bwawa la kuogelea, ikaomba liondolewe. Akakosekana wa kuliondoa. Hoteli ikaweka viti vya kulalia upande wa kivuli na kuviuza ghali zaidi. Ndege wa pwani walitua kileleni kukausha mabawa. Wanamawimbi walijifunza kulizunguka. Akina mama wenye watoto wachanga waliwaleta kutazama samaki wakipita ndani kwa usawa wa macho, polepole, kama watu waliovaa viatu vipya.

Mwanzoni lilikuwa na mchanga mwingi ndani, na Kereng'ende alionekana kama kivuli tu nyuma ya pazia. Lakini maji yakitulia hujichuja. Miezi ilivyokwenda mchanga ukashuka chini, na asubuhi moja wavuvi wa pweza waliokuwa wanapita kwenye mwamba wakaona kwamba wimbi limekuwa safi, na kwamba linaonyesha ufuko. Si ufuko wa asubuhi ile, uliokuwa mtupu. Ufuko wa siku ya mashindano, na umati wake wote, kama ulivyokuwa pale wimbi lilipouinamia.

Watu wakamiminika kujitafuta. Waliotaka kuona vizuri walikodi mitumbwi. Bibi mmoja alijiona akiwa na meno ambayo tangu hapo yalikuwa yameshang'oka, akarudi mara kadhaa kuyatazama. Karani wa posta, ambaye siku ile alimwambia mkewe yuko kazini, alionekana wazi amekaa chini ya mwavuli wa michirizi, analishwa aiskrimu na jirani. Mkewe alikwenda kwa mtumbwi, akathibitisha, akaenda kwa hakimu. Hakimu naye alikwenda kwa mtumbwi. Talaka ikatoka bila ubishi.

Ndipo Mapafu alipokuja karakanani. Mapafu alikuwa mkufunzi wa wanamawimbi, mtu wa miraba minne mwenye sauti ndogo, na alikuwa amempenda Kereng'ende bila kupata nafasi ya kumwambia. Alisimama mlangoni, maji yakimtiririka kwenye suruali, hajui aweke wapi mikono.

"Mama, njoo uone."

"Sina cha kuona. Nilimwona miaka ishirini."

"Njoo uone, mama. Nakuomba."

"Mapafu, mwanangu, nina kazi. Mkaidi ni mkaidi, hata akitiwa kwenye kioo."

Mapafu alitazama sakafu. "Bendera ni ya kijani," akasema.

Fundi aliendelea kupiga msasa. Akapiga mpaka akatoboa kiraka, akapita gamba la ubao, akafika kwenye povu jeupe la ndani. Hapo akaweka msasa chini, akachukua ubao wake wa zamani uliokuwa juu ya dari umerundikiwa nyaya, akatoka.

Goti lilimuuma kuingia majini. Akalala kifudifudi juu ya ubao, akapiga maji kwa mikono kama zamani, na mwili ukakumbuka kabla yake. Mapafu alimfuata nyuma kwa heshima, kama mtu anayesindikiza jeneza. Walipokaribia, maji yalikuwa na joto la siku nyingine, na hewa ilinukia mafuta ya kujikinga na jua ya mamia ya watu wasiokuwapo.

Kereng'ende alikuwa amechuchumaa juu ya ubao wake, goti moja mbele, mkono wa kushoto ukipapasa ukuta wa wimbi kama anayepapasa ubavu wa ng'ombe. Nywele zilikuwa zimesimama na upepo usiokuwapo. Mguuni kamba ya ubao ilikuwa imefungwa vizuri, fundo lile la mara mbili la mama yake. Na kichwa chake kilikuwa kimegeuka. Hakutazama mbele anakokwenda. Alikuwa anatazama nyuma, begani, kuelekea mnarani, akikagua bendera kwa mara ya pili.

Fundi alifuata macho ya mwanawe. Kwenye ule ufuko wa ndani ya maji aliuona mnara. Juu ya mlingoti ilipepea bendera ya kijani, imenyooka, haina shaka. Chini yake alisimama mdogo wake ameshika kamba kwa mikono yote miwili. Nyuma yake, mkono begani kwake na mdomo sikioni, alikuwa Mwenyekiti. Pembeni wageni wa shirika lililodhamini mashindano walikuwa wameelekeza kamera ndefu baharini, na mmoja alikuwa anacheka.

Fundi alikaa pale mpaka ngozi ya vidole ikajikunja. Mapafu alidhani analia, lakini alikuwa anasema kitu, taratibu, akikirudia. Alikuwa anasema, "Nisamehe, mwanangu. Nilikuita mkaidi." Uso wa maji ulipata ukungu mdomo wake ulipokaribia, kisha ukungu ukatoka.

Alasiri mdogo wake alikuja kama kawaida. Alikuta chupa ya chai mezani na meza imegeuzwa, sasa inatazama bahari. Akajua.

"Kaa," Fundi alisema.

Akakaa.

"Nieleze."

Mshika bendera alizungusha kikombe kitupu. "Ilikuwa nyekundu tangu asubuhi. Ukweli huo, dada. Wageni wakachoka. Wakasema wamesafiri kote huko kupiga picha za maji matupu? Mwenyekiti akaja akaniambia, pandisha kijani kidogo tu, mmoja ateleze, wapate picha yao, halafu urudishe. Nikamwambia bahari mbaya. Akaniambia, wewe ni mvuta kamba au mtabiri?"

"Ukavuta."

"Nikavuta. Sikujua aliyeko mstari wa mbele ni yeye. Wanavaa fulana zinafanana. Nilipomtambua nikashusha kijani nikapandisha nyekundu, lakini wimbi lilikuwa limeshamfika."

"Na mimi ukaniapia kaburi la mama."

"Nilipokuapia ilikuwa nyekundu. Ilikuwa inapepea pale juu, dada, ungegeuka ungeiona."

Fundi alimtazama huyu mtu ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni utotoni. "Mwaka mzima umekuja hapa. Umekaa kwenye benchi hilo. Umenisikia nikimtukana mtoto wangu. Kwa nini hukuniambia?"

Mdogo wake alifikiri kwa dhati, kama aliyeulizwa njia na mgeni.

"Ungenipa chai?" akasema.

Wanasema damu ni nzito kuliko maji, lakini wanaosema hivyo hawajaona maji yaliyosimama. Fundi hakumfukuza. Alimwambia jambo moja: aende akaseme. Mdogo wake akasema atasema. Akalia, akapangusa uso kwa fulana ya chama, akaondoka bila kunywa.

Malalamiko ya Fundi yalifika yalikopaswa kufika, na ikaundwa tume ya watu watatu: wakili, daktari mstaafu na mama mmoja aliyewahi kuwa mkuu wa shule. Walipelekwa kwa boti yenye turubai. Wote watatu waliona bendera, na mama mkuu wa shule akasema kwa sauti, watu wakamsikia, "Hii ni kijani." Wakarudi ukumbini, viatu vyao vimelowa, wakaketi kusikiliza.

Mwenyekiti alikuja na suti. Hakukana kuwapo kwa wimbi, wala kuwapo kwa binti ndani yake. Alimwita "binti yetu". Alisema tu kwamba kioo, kwa tabia yake, hugeuza. "Ukisimama mbele ya kioo, mkono wako wa kulia unakuwa wa kushoto. Sasa nani kati yetu ameshasomea jinsi maji yanavyogeuza rangi?" Wakili wa tume alikubali kwamba yeye hajasomea. Fundi alisimama akasema mbona hakimu alitoa talaka kwa kioo hichohicho. Wakili akamjibu kwa upole kwamba ile ilikuwa kesi ya aiskrimu, ambayo haina rangi mbili, na kwamba shahidi asiyeweza kuapa wala kuletwa ukumbini ni vigumu kumsikiliza. Mtu aliye hai, ndiye shahidi.

Wakamwita mshika bendera.

Alivaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Alisimama pale mbele, akamtafuta dada yake kwa macho, akampata safu ya pili, akamtazama muda wote aliokuwa anajibu.

"Ilikuwa rangi gani?"

"Nyekundu," akasema.

Nyuma kabisa Mapafu alitoka nje, akasikika anapiga kitu cha bati kwa ngumi. Fundi hakuinuka. Alikuwa anaangalia kola ya lile shati, ambayo mdogo wake alikuwa amesahau kuitoa pini ya dukani, na mkono wake ulitaka kwenda kumtoa ile pini isije ikamchoma. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko jibu.

Tume ikashukuru wote. Mama mkuu wa shule alipita karibu na Fundi akamshika bega.

Mdogo wake aliendelea kuja kila alasiri, ila hakuvuka tena kizingiti. Alikaa kwenye ngazi ya nje. Fundi alimwekea kikombe kando yake, na yeye akanywa. Chai haikutiwa sukari, na hakuuliza. Alianza kukonda. Asubuhi, kabla ya kufungua karakana, Fundi aliingia majini na ubao wake wa zamani kwenda kumtazama binti yake. Alimweleza habari za mji: nani amejifungua, ubao upi umerudi na tatizo lilelile. Kufika hapo wimbi lilikuwa limetiwa kwenye kadi za posta, na watu walimpisha Fundi kama wanavyompisha mtu anayekwenda kazini.

Mashindano yaliyofuata yalikuwa makubwa kuliko yote. Chama kililipa wimbi jina la Kereng'ende, na Mwenyekiti akatoa hotuba ndefu kuhusu vijana kutii bendera. Watu walipiga makofi. Alikuwa anajua kusema. Wageni wenye kamera waliongezeka, maana sasa kulikuwa na mandhari.

Siku ya kwanza bahari ilichafuka kuanzia asubuhi. Nyekundu ikapepea. Fundi alikuwa majini tayari, amelala juu ya ubao mbele ya mwanawe, mahali ambapo walinzi walikuwa wameshaacha kumkataza. Kutoka pale aliziona fuko mbili, moja ndani ya maji na nyingine nyuma ya bega lake, na umati uleule wa miavuli. Aliona mkono wa Mwenyekiti ukipanda begani kwa mdogo wake. Ilimbidi ageuze shingo kuhakikisha anatazama upande upi.

Nyekundu ikashuka. Kijani ikapanda.

Msichana aliyekuwa mstari wa mbele alimpita Fundi, anapiga maji kwa nguvu, fulana yake bado ina ugumu wa upya.

"Rudi, mwanangu," Fundi alimwambia. "Maji mabaya."

Msichana alitazama mnarani, akatazama tena, kama mtoto aliyelelewa vizuri. "Lakini mama, ni kijani," akasema, akatabasamu, akaenda.

Wimbi lilikuja, kubwa, na msichana akalipanda, akasimama, akashuka ubavu wake kwa madaha hata wauza vinywaji wakasahau kurudisha chenji. Likamfikisha mchangani salama. Kamera zikalia kama nzige. Hapakutokea jambo lolote, na hilo ndilo lililomtia Fundi baridi: kwamba mara nyingi hapatokei jambo. Mwenyekiti alisikika kwenye kipaza sauti akisema, "Mmeona?"

Fundi alimsimulia Kereng'ende yote, tangu mwanzo. Kwamba msichana ameteleza vizuri, ila mguu wa nyuma anauweka mbali mno. Kwamba Mapafu ameacha ukufunzi, anauza matairi. Kwamba mjomba wake haonekani kula.

Jua lilipoanza kushuka akarudi nchi kavu na ubao kwapani. Vijana wa hoteli walikuwa wanakusanya viti. Chini ya mnara mdogo wake alikuwa amepiga magoti mchangani, anakunja bendera za siku, pembe kwa pembe, kama shuka za mgonjwa. Ilikuwa mara ya kwanza wao kukutana mbali na ngazi ile.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Fundi alisimama. Maji yalimdondoka kwenye viwiko. "Kesho bahari itakuwa mbaya kuliko leo."

"Najua," akasema mdogo wake.

Akaweka nyekundu ndani ya mfuko. Kisha akakunja ile ya kijani, akailaza juu yake, mahali ambapo mkono ungeifikia kwanza.